Mwandiko wa Mkono wa Kushoto

Jumamosi hiyo saa sita mchana duka la kompyuta lilikuwa limefurika watu, nusu yao wakinunua, nusu wamekuja kupigwa na ubaridi wa kiyoyozi. Mwanamke mmoja alijipenyeza hadi kaunta. Alivaa suruali ya kaki iliyojaa vumbi la plasta, buti nzito, na kilemba cha buluu kilichofungwa kwa ustadi ambao haukufanana kabisa na zile buti. Akaweka mfuko wa nailoni mbele ya muuzaji. Ndani yake mlikuwa na daftari lililolowa mvua mpaka wino umekuwa matope.

"Nataka kitu ambacho hakitanifanyia hivi," alisema.

Muuzaji alikuwa kijana mrefu wa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Wenzake walimwita Miwani, na hakuwahi kulalamika. Alilitazama daftari, kisha akautazama mkono wa mteja, wa kushoto, wenye doa la wino ubavuni mwa kiganja. Akamuuliza anafanya kazi gani.

Alikuwa mkaguzi wa majengo. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu, kutambaa chini ya mapaa, kupima nyufa, na kuwaambia wenye nyumba mambo ambayo hawakutaka kuyasikia. Kazini walimwita Mama Nyufa. Ofisi yake ilidai ripoti iliyochapwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo aliandika kila kitu mara mbili, mara moja amesimama kwenye ngazi na mara ya pili amesinzia mezani. Alitaka kompyuta ndogo ya mkononi ambayo angeiandikia kwa kalamu, nayo igeuze mwandiko wake kuwa chapa.

Miwani alimwambia wazi kwamba wengi huja na ombi hilo na huondoka na kibodi. Kompyuta yenyewe si tatizo, tatizo ni programu. Alikuwa nazo tatu. Ya kwanza ilitaka kila herufi isimame peke yake kama za mtoto wa chekechea, na neno ambalo haikulijua ililigeuza kuwa la lugha nyingine. Ya pili ilikuwa na herufi zake yenyewe, ambazo mtu alipaswa kujifunza kwanza. Mama Nyufa alijaribu mistari mitatu akaweka kalamu chini. Alisema amekuja kutafuta mashine ya kumsoma yeye, si mashine ambayo yeye ndiye ataisomea.

Ya tatu ilikubali mwandiko wa kuungana na ilijifunza mkono wa mwenyewe kadiri alivyoandika. Aliandika "ufa wa wima". Skrini ikafikiri kidogo, ikatoa: "ufe na mimi".

"Imekuchumbia mapema," alisema Miwani.

"Na imenitakia kifo humo humo. Wanaume wengi hawana haraka hiyo."

Walicheka, na foleni nyuma yao ikaanza kuguna. Miwani alimweleza kwamba programu hiyo unaweza kuiongezea maneno, na kwamba kila unachoandika kinahifadhiwa kwenye akaunti, ili kompyuta ikiibwa maandishi yabaki. Mama Nyufa alikuwa na nyumba ya kukagua saa saba, kwa hiyo Miwani ndiye aliyemfungulia akaunti na kumchagulia neno la siri. Alimsisitiza alibadilishe akifika nyumbani. Hakulibadilisha.

Kwa wiki tatu Miwani alikuwa akiongeza maneno kwenye kamusi ya ile akaunti wakati wa chakula cha mchana: boriti, plasta, unyevu, msingi, kenchi za paa. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Kila Jumamosi Mama Nyufa alipita dukani na orodha ya maneno yaliyosomwa vibaya, wakayacheka, wakaagana. Siku moja Miwani alifungua maandishi yake kuangalia kosa alilolalamikia. Katikati ya vipimo vya choo cha mtu akakuta mstari: "Yule wa dukani ana vidole vizuri. Sijui anasubiri nini kuniomba namba."

Kesho yake aliomba namba. Angeishia hapo, pengine wangekuwa mume na mke leo. Lakini mtu aliyewahi kusoma moyo wa anayempenda ukiwa umeandikwa, ni vigumu kurudi kukisia kama wengine. Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, Miwani alifungua ile akaunti.

Mapenzi yakachanua upesi. Mama Nyufa alimwambia dada yake mkubwa kwamba safari hii amempata mwanamume anayeelewa bila kuelezwa. Miwani hakumpigia simu kumuuliza yuko wapi, kitu kilichomchefua kwa mume wake wa zamani. Akichoka, alimletea chai bila kuzungumza. Siku alizotaka kutaniwa, alitaniwa. Dada mtu, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikubali kwamba huyu ana kitu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Nyufa hakumwambia yeyote. Katika ndoa yake ya kwanza alizaa mtoto wa kike aliyeishi siku tisa. Dada yake alijua kifo hicho. Asichokijua ni kwamba kila tarehe kumi na nne Mama Nyufa alimwandikia mtoto yule barua fupi, akamwita Kidole, kwa sababu katika siku zile tisa alikuwa ameng'ang'ania kidole chake hataki kukiachia. Barua hizo alizianza kwenye madaftari. Sasa alikuwa akiziandika kwenye kompyuta yake.

Tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano simu yake iliita akiwa kwenye nyumba tupu, mkono mmoja umeshika futi kamba. Ilikuwa sauti ya Miwani, laini kuliko siku zote.

"Mpenzi, usijichoshe leo. Najua Kidole angetimiza miaka minne."

Kwa upendo wake Miwani alikuwa amesahau kwamba hakuna aliyemwambia. Mama Nyufa alisema asante, akakata simu, akabaki amesimama katika chumba kile mpaka mwenye nyumba alipokuja kuuliza kama ukuta una tatizo. Kisha alikaa kwenye ngazi akafungua mipangilio ya akaunti. Kulikuwa na orodha ya vifaa. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilifunguliwa asubuhi hiyo saa kumi na mbili na dakika kumi, na asubuhi iliyotangulia, na iliyotangulia hiyo, kurudi nyuma miezi mitano.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Mama Nyufa alikuwa na tabia ya kazi yake: akiona ufa, hauzibi siku hiyo; hupiga alama pembeni yake na kusubiri kuona unakwenda wapi. Neno la siri aliliacha vilevile. Akaandika, chini ya vipimo vya dari: "Ningempenda zaidi kama angenyoa zile ndevu."

Siku ya pili Miwani alikuja amenyoa, kidevu kimepauka. Mama Nyufa akamsifu, akambusu palepale. Wiki hiyo aliandika kwamba mashati meupe yanamkumbusha wahudumu wa hoteli. Miwani alianza kuvaa njano, rangi iliyomfanya aonekane mgonjwa. Ilikuwa rahisi kupita kiasi, na urahisi huo ulimtia hasira zaidi. Akaandika kuhusu injinia mmoja wa kazini, mwenye gari safi na kicheko kizito, ambaye anamwalika chakula cha mchana. Hapakuwa na injinia yeyote. Miwani hakuweza kuuliza, maana angeulizaje? Alikonda. Kwenye simu alikuwa akianza sentensi na kuiacha njiani, na Mama Nyufa kwa sauti tamu alikuwa akimuuliza, "Nini, baba? Mbona unameza maneno?"

Dukani Miwani alipewa nafasi ya kusimamia tawi jipya katika mji mwingine, jambo alilolingojea miaka sita. Asubuhi hiyo alisoma: "Akihama, mimi na yeye basi." Alikataa cheo. Meneja alimwona mpumbavu, akampa kijana aliyeajiriwa mwaka uliopita.

Ndipo likaja la mama yake. Mama Miwani alikuwa mjane aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha nguo, katikati ya mitambo ambayo mtu asipopaza sauti hasikiki. Alistaafu, sauti haikustaafu. Alizungumza na jirani kana kwamba jirani yuko ng'ambo ya barabara. Alimpenda Mama Nyufa, alimwita mkwe kabla ya wakati, na kila Jumapili alikuja kwa mwanawe kumpikia. Mama Nyufa naye alimpenda. Hata hivyo aliandika: "Sauti ya mama yake ni bati linaloburutwa barabarani. Nikiolewa naye nitaisikia mpaka kufa. Laiti angemwambia akae kwake."

Alipomaliza alishika kifutio. Hakufuta. Alitaka kuona kama kuna mahali Miwani atagoma. Jumapili iliyofuata Miwani alimwambia mama yake asije tena bila kuitwa.

Mwishowe, Jumatano moja, Mama Nyufa aliandika namna ambavyo angependa kuposwa: mezani, mbele ya mama yake Miwani na dada yake, na maneno yenyewe akayaandika neno kwa neno. Baada ya siku nne mwaliko ukafika. Mama Miwani aliitwa kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, akaja amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka linang'aa, amebeba sufuria mbili. Dada mtu alikuja na keki. Walikula. Kisha Miwani, katika shati lake la njano, akasimama na kumshika mkono Mama Nyufa.

"Sina nyumba kubwa wala maneno makubwa," alisema. "Nataka tukae pamoja mpaka tuchokane, halafu tuendelee kukaa."

Dada mtu alianza kulia. Mama Miwani alipiga makofi. Mama Nyufa alitoa kompyuta kwenye mkoba, akaifungua, akamkabidhi yule mama akimwomba awasomee mstari wa Jumatano.

Mama akavaa miwani yake ya kusomea. Alisoma kwa sauti yake ile ya kiwandani, maneno yale yale, na alipofika "halafu tuendelee kukaa" aliinua macho bila kuelewa.

"Hayo ni maneno yangu," Mama Nyufa alimwambia Miwani. "Umenisoma kila asubuhi kwa miezi minane. Umesoma barua za mwanangu. Sasa niambie neno moja ambalo ni lako."

Miwani alifungua mdomo. Alianza sentensi, akaiacha njiani. Wakati huo hakuna aliyemtazama yule mama, ambaye kidole chake kilikuwa kikisogeza maandishi juu polepole, akitafuta maana. Akaanza kusoma tena, bado kwa sauti, kwa sababu hakuzoea kusoma kwa namna nyingine.

"Sauti ya mama yake ni bati linaloburutwa..."

Mama Nyufa aliinuka kumnyang'anya. Alikuwa amechelewa. Mama alimaliza mstari wote moyoni, midomo ikicheza. Akavua miwani, akaiweka kompyuta kando ya keki.

"Kwa hiyo ni wewe uliyenifukuza," alimwambia Mama Nyufa, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alisema kwa sauti ya chini. Akachukua sufuria zake, moja bado ina chakula, akaondoka.

Mama Nyufa alibadilisha neno la siri jioni hiyo. Kwa majuma sita hakula vizuri. Dada yake alimpa haki yote, na hilo halikumsaidia. Hatimaye Jumamosi moja asubuhi alikwenda nyumbani kwa Mama Miwani kuomba radhi.

Alifunguliwa na Miwani. Alikuwa amerudi kuishi na mama yake, ndevu zimeota tena. Walisimama mlangoni wakitazamana, na ule mvuto wa zamani ulikuwepo palepale, haukuwa umepungua hata kidogo. Miwani alimwomba msamaha, naye akamwomba. Mama Nyufa alimwambia kwamba akimposa leo kwa maneno yake mwenyewe, hata yawe mabovu kiasi gani, atakubali.

Miwani aliegemea mwimo wa mlango.

"Ningekuoa hata sasa," alisema. "Lakini kila utakaponyamaza nitataka kufungua na kusoma. Na wewe kila nitakapokufurahisha utajiuliza nimejua wapi. Sitaki kukuona ukijiuliza."

Hakuwa ameyasoma popote. Mama Nyufa alijua hivyo, akauliza kama mama yupo.

Mama mtu alitoka jikoni. Alimsikiliza mgeni mpaka mwisho, akamshika mabega, akamwambia hana kinyongo. Alisema kwa mnong'ono. Miwani alieleza, akitazama sakafu, kwamba siku hizi anaongea hivyo na kila mtu, hata na jirani, hata akiwa peke yake. Mama alikuwa akisema jambo jingine, pengine akimkaribisha chai, pengine akimtakia safari njema. Mama Nyufa aliinama, akasogeza sikio karibu kabisa na mdomo wake, na bado hakumsikia.