Mistari Miwili ya Mwisho

Kila Ijumaa jioni, katika shamba la kahawa tulilokaa karibu na Ruiru, wanawake walipanga foleni nje ya stoo ya posho wakiwa na vikapu vyao. Mimi nilitoka shuleni moja kwa moja hadi pale. Mwaka huo wa 1958 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na watoto waliojua kusoma pale shambani walikuwa wachache. Karatasi yoyote ikibandikwa mlangoni mwa stoo, niliitwa mimi. "Wangeci, kuja utusomee," waliniambia, nami nilijiona mkubwa kuliko karani.

Ijumaa moja tulikuta tangazo jipya. Misheni moja mjini Thika ingegawa maziwa ya unga na maharagwe kesho yake asubuhi, bure, kwa kila mama mwenye mtoto mdogo. Chini kulikuwa na mistari miwili zaidi. Mtoto mwenyewe aletwe apimwe uzito, la sivyo mama hatapewa kitu. Na mtoto aliyevimba miguu aletwe siku yoyote, asicheleweshwe. Niliwasomea yote mara mbili. Mama yangu alifurahi sana, maana ndugu yangu Bedan alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Foleni ilipokwisha, Mama Aketch alifika, peke yake kama kawaida.

Mwanamke huyo nilimchukia. Wiki tatu kabla, alimwambia nyapara kwamba mama yangu alikuwa akificha kahawa ambayo haijaiva chini ya debe lake. Ilikuwa kweli, lakini ni punje chache tu, na nani hakufanya hivyo? Nyapara alimwaga debe zima mavumbini, akamwamuru mama apige magoti aokote punje moja moja, watu wote wakitazama. Mama alilia njia nzima. Tangu hapo wanawake wengine hawakumsemesha Mama Aketch, nami niliapa kwamba atanilipa.

"Mtoto wangu, hii karatasi inasema nini?" aliniuliza kwa upole.

Nikamsomea habari za maziwa na maharagwe, kisha nikanyamaza. Nilijua kwamba mwanawe Tobias alikuwa amevimba miguu na nywele zake zimegeuka nyekundu. Nilijua vizuri kabisa. "Ni hayo tu," nikasema. Alinishukuru na kuniombea baraka, na moyo wangu ukajaa furaha ninayoionea haya mpaka leo.

Jumamosi alfajiri Mama Aketch alitangulia kwa miguu, wakati wanawake wengine wakisubiri treni. Alimwacha Tobias nyumbani na dada yake mkubwa, Aketch, mtoto asije akachoka njiani. Jioni nilimwona akirudi akichechemea, kikapu kitupu kichwani. Nilikimbia nyumbani, ambako mama alikuwa amesharudi na kopo lake la maziwa.

"Maitu, mama yangu, nimekulipizia," nilimwambia, nikamsimulia yote. Nilingoja acheke.

Mama aliacha kukoroga uji. "Huyo mtoto amevimba miguu?" aliuliza. Nilipoitikia, alichukua kopo la maziwa ya Bedan, akanishika mkono na kunivuta nje.

Tulimkuta Mama Aketch ameketi mlangoni, Tobias mapajani. Nzi walitua usoni mwa mtoto, naye hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Utamu wote wa kisasi changu ukaisha pale pale. Mama aliniamuru niseme kile nilichokificha, nikaitamka mistari ile miwili. Mama Aketch alinitazama. Nilitamani anipige.

"Nimetembea kutwa," alisema, "na uzima wa mtoto wangu ulikuwa mdomoni mwako."

Mama alimimina nusu ya maziwa kwenye bakuli lake. Hakuna aliyetaja debe, wala hakuna aliyeomba radhi. Jumapili asubuhi wanawake hao wawili walimpeleka Tobias Thika, wakimbeba kwa zamu. Alilazwa huko wiki tano, akarudi anatembea.

Adhabu yangu ilikuwa kumfundisha Aketch kusoma kila jioni, kwa kuwa hakuwahi kwenda shule kwa sababu ya kumlea mdogo wake. Mwanzoni hatukutazamana. Lakini alikuwa hodari, na kabla ya mwaka kwisha karatasi nyingine ilipobandikwa, ni yeye aliyeisoma mbele ya foleni. Alisoma mpaka mwisho, kisha akanigeukia kuuliza kama amebakisha kitu. Nikamwambia hakubakisha hata neno.

Jioni hiyo, tukirudi nyumbani kutoka stoo, nilimwuliza mama kama amemsamehe Mama Aketch.

"Bado," alisema. "Debe lile bado naliona. Lakini hayo ni yangu na yake. Habari ya chakula si yako wala yangu, Wangeci. Ukishaisoma, umebeba chakula cha mwenye njaa. Mfikishie chote, hata kama ni adui yako."