Nishikie Simu, Nakuja

"Nishikie simu, nakuja."

Akaipitisha simu yake kwenye dirisha la kibanda changu. Alivaa shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe, na kwapani aliibana bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya viza ya utalii, wiki mbili, kwenda kumtembelea dada yake mkubwa. Fomu hiyo niliijaza mimi, na ndani yake niliweka uongo mmoja ambao yeye hakuujua.

"Mbona mkono unakutetemeka?" akaniuliza.

"Baridi."

"Baridi na jua lote hili? Kwani anayekwenda kuhojiwa ni nani, mimi au wewe?"

"Nenda bwana, foleni inasogea."

Akacheka, akavuka lango. Mimi nikabaki na simu yake mkononi.

Kibanda changu kilikuwa kimepakana na lango la ofisi ya viza. Napiga picha za paspoti, najaza fomu, na natunza simu za watu, maana simu haziruhusiwi ndani. Nina kabati la droo arobaini, kila droo na namba yake. Wateja wananiita Dada Fomu. Huyu mchumba wangu ni fundi wa lifti. Tulijuana siku alipokuja kutengeneza lifti ya humo ndani, akasimama dirishani kwangu na begi la spana.

"Dada, unatunza nini na nini?"

"Simu tu."

"Na mioyo je?"

"Mioyo haina namba ya droo."

Kesho yake akarudi, na lifti ilikuwa imeshapona. Sasa harusi ilikuwa imebaki miezi miwili.

Nisiwafiche, mimi ni mwoga wa safari. Baba yangu aliondoka na viza ya utalii ya wiki mbili nikiwa na miaka sita. Leo nina thelathini na moja. Majirani wakimuuliza mama, "Mzee karudi?" yeye hujibu, "Bado kidogo." Nimejaza fomu za watu elfu na kitu. Kila mmoja aliandika atarudi. Wengi sijawaona tena.

Ndiyo maana jana yake, nilipofika kipengele cha kumi na saba, roho ikaniingia giza. Kipengele kinauliza: umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote? Mwenzangu aliwahi kunyimwa, miaka sita iliyopita, alipotaka kwenda kusomea ufundi. Aliniambia mwenyewe, tena huku anajicheka. Nami nikaweka alama kwenye Hapana.

Nilijua wataona kwenye kompyuta zao. Nilijua watamnyima. Nikasema moyoni, akinyimwa atanuna wiki moja, nitamfariji, tutaoana, yataisha.

"Tia sahihi hapa," nikamwambia.

"Nisome kwanza?"

"Huniamini?"

Akatia sahihi.

Sasa simu yake ikalia kidogo mkononi mwangu. Ujumbe ulitoka kwa dada yake, na maneno yakajipanga pale juu ya kioo bila hata kufungua:

"Mdogo wangu, ile nafasi ya fundi lifti bado ipo. Ukishatua, habari za kurudi tutazisahau. Wifi usimwambie kwanza, atakuharibia."

Nikausoma mara mbili. Nikaitia simu yake kwenye droo ya kwanza, nikakaa kwenye kiti cha wapigwa picha.

"Nilijua," nikajisemea. "Nilijua mimi!"

Sitawadanganya, kwa dakika kama kumi nilijiona mwerevu. Kisha nikasikia kilio langoni.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, amejifunga mtandio wa kijani. Asubuhi alikuwa ameniachia simu yake, droo namba tisa. Alikuja hadi dirishani, akaegemea ukuta.

"Mama, pole. Wamekunyima?"

"Wangeninyima tu ningeshukuru! Wamenifungia! Miaka kumi, mwanangu! Mjukuu wangu nitamwona ana ndevu!"

"Miaka kumi kwa kosa gani?"

"Mpwa wangu alinijazia fomu. Niliwahi kunyimwa zamani, yeye akasema tuandike hapana, watajulia wapi? Soma!"

Karatasi aliyonipa ilikuwa mpya, sijawahi kuiona ya aina ile. Ilisema sheria imeanza mwezi huu. Anayedanganya kipengele cha kumi na saba anafungiwa miaka kumi, na jina lake linapelekwa kwenye nchi zote zinazoshirikiana nao. Chini kulikuwa na neno limepigwa muhuri mwekundu: MDANGANYIFU.

Mchumba wangu, mtu anayerudi kwa mteja kumrudishia skrubu moja iliyobaki, angepigwa muhuri ule, na aliyemtia humo ni mimi.

Nikashika simu yangu nikampigia.

Droo ya kwanza ikaanza kuita.

"Mwanangu," yule mama akasema, "mbona unajipigia simu mwenyewe?"

Nilishafika langoni. Mlinzi wa pale tunamwita Foleni, maana ndilo neno lake kutwa nzima.

"Foleni, kaka yangu, niingize dakika moja tu."

"Una miadi?"

"Si unanijua mimi!"

"Wewe nakujua. Miadi ndiyo siijui."

"Basi niitie mchumba wangu. Mwambie asipeleke fomu. Nakuomba!"

"Dada Fomu, leo umeamkaje? Humo ndani mtu haitwi hata nyumba yake ikiungua."

"Na karatasi? Karatasi inaingia?"

Akajikuna shingo. "Karatasi iliyosahaulika naruhusiwa kuifikisha mapokezi."

Nikachukua kalamu. Mwandiko wangu unasifiwa mtaa mzima, lakini siku ile ulikwenda upogo. Niliandika: "Mimi ndiye niliyejaza fomu ya fundi wa lifti. Yeye alisema Ndiyo kwenye kumi na saba. Mimi nikaweka Hapana kwa makusudi ili anyimwe, kwa sababu naogopa hatarudi. Yeye hana kosa." Nikatia sahihi na namba ya kibanda.

Foleni akasoma, akanitazama.

"Umesoma ulichoandika?"

"Nimesoma."

"Hii ikifika mezani kwao, kesho kibanda chako hakipo hapa. Wamekuacha ukae langoni kwa sababu wanakuamini."

"Najua."

"Chana. Mimi sijaona kitu."

Nikaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Niliogopa, wallahi niliogopa. Kibanda kile ndicho kilichotulisha mimi na mama. Na nilimwogopa zaidi mchumba wangu, jinsi atakavyonitazama akishajua.

"Ipeleke," nikasema. "Ipeleke kabla sijabadilika."

Akaipeleka.

Saa nzima ikapita. Wateja walikuja, nikawapiga picha wamefumba macho, nikawapiga tena wamefumba. Mchumba wangu alipotoka, nilimwona tangu mlangoni. Hakuwa anacheka. Bahasha hakuwa nayo.

"Nipe simu yangu."

"Wamekufungia?"

"Nipe simu kwanza."

Nikampa. Akaketi kwenye kiti cha picha, mgongo ameupa pazia jeupe.

"Nilikuwa kwenye benchi nasubiri namba," akaanza, taratibu. "Nikaitoa fomu nikaisoma. Si ndivyo unavyowaambia wateja, soma mara tatu? Mara ya tatu nikaona pale kumi na saba. Nikajisemea, maskini, mwenzangu amechoka, amekosea. Nikaomba fomu nyingine, nikajaza upya na huu mwandiko wangu wa kuku."

"Kwa hiyo ile yangu hukuipeleka?"

"Hii hapa." Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. "Afisa kanihoji, nimemweleza yote ya zamani, kaandika, kasema njoo Ijumaa uchukue paspoti yako na viza. Nimesimama niondoke. Ndipo ikaletwa karatasi yako."

Nikafunika uso.

"Akanisomea kwa sauti. Watu wamejaa. 'Kwa makusudi ili anyimwe.' Neno kwa neno."

"Nisamehe."

"Ungesubiri dakika tano tu, nisingejua maisha yangu yote."

"Nisingeweza kusubiri! Wanafungia watu miaka kumi humo!"

"Mimi nilidhani umechoka," akasema. "Nimekaa pale nakuonea huruma. Kumbe!"

Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kelele. Lakini na mimi nina ulimi, na hofu ikizidi hugeuka hasira.

"Na wewe? Nafasi ya fundi lifti bado ipo, ukitua mtasahau kurudi, wifi usimwambie! Hiyo nayo ni uchovu?"

Akafungua simu, akaigeuza upande wangu. Ujumbe wa dada yake ulikuwa wa nne. Chini yake hakukuwa na jibu hata moja.

"Hukumjibu?"

"Sikumjibu."

"Kwa nini hukumkatalia?"

"Kwa sababu neno hapana halikutoka. Wala ndiyo. Siku nne naogopa. Naogopa nikifika kule nitapapenda."

"Kumbe nilikuwa na haki ya kuogopa."

"Kuogopa ulikuwa na haki. Kuniharibia hukuwa nayo."

Nje Foleni alipiga ukelele wake, watu wakajipanga.

"Afisa alisemaje baada ya kusoma?" nikauliza mwishowe.

"Alitazama kile kipengele cha chini, kinachouliza ni nini kitakachokurudisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimeandika 'Dada Fomu'. Akaniuliza, hii ni kampuni au taasisi?"

Nilitaka kucheka, nikalia.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiye huyo aliyeandika hiyo karatasi. Akaikunja ile karatasi, akaiweka kando. Akasema, njoo Ijumaa vile vile. Ila kibanda, akasema, kitaondoka."

Akaandika ujumbe mbele yangu, akanionyesha kabla ya kuutuma: "Dada, nakuja kukuona wiki mbili. Kazi nashukuru, lakini hapana."

"Umenisamehe?" nikauliza.

"Bado. Hasira ninayo, na nitaondoka nayo."

"Na utarudi?"

"Nimeshaandika kwenye fomu. Wewe ndiye hujasoma."

Ijumaa alipata viza. Jumatatu kibanda changu kilivunjwa, nikahamia ng'ambo ya barabara na meza, mwavuli, na kabati langu la droo. Yeye alikuwa ameshaondoka alfajiri ya siku ile, na habari za kuvunjwa sikumwambia. Alinishika mkono, hakunikumbatia.

Sikuwahi kuogopa kama siku zile. Alinipigia kila jioni, tukaongea hali ya hewa kama wageni. Siku ya tisa alisema, "Lifti za huku hazipigi kelele kabisa." Nikakosa usingizi kwa sababu ya lifti. Siku ya kumi na tatu akasema, "Kesho saa nne asubuhi natua," simu ikakatika.

Siku ya kumi na nne mama alikuja kukaa nami mezani. Hakusema amefuata nini. Saa nne ikapita. Saa tano. Nikampigia.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Saa sita nikampigia. Haipatikani. Saa saba nikampigia wifi.

"Wifi, alipanda ndege?"

"Nilimwacha uwanjani, mlangoni. Zaidi ya hapo sijui." Akasita. "Nilimbembeleza abaki, siwezi kukuficha. Hakunijibu kitu."

Nikaiweka simu chini. Mama alinitazama, akaufungua mdomo, na mimi nikajua neno linalokuja. Nimelisikia miaka ishirini na mitano.

"Mama, usiseme," nikamwambia. "Nakuomba, usiniambie bado kidogo."

Akanishika goti. Tukakaa hivyo, wateja wanapita, mimi siwaoni. Nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya meza wakati mkono ulipopita mbele ya macho yangu, ukaweka simu.

"Nishikie simu."

Nikainua uso. Shati lilikuwa limekunjamana, macho mekundu, begi begani.

"Unakwenda wapi tena?" nikauliza. 

"Siendi popote. Imeisha chaji. Ndege ilichelewa, halafu nikaenda moja kwa moja kibandani kwako, nikakuta pamefyekwa. Nikakuulizia pale langoni, Foleni akanionyesha."

"Na hasira?"

"Nilikwenda nayo. Wameizuia uwanjani, imezidi kilo."

Akanikumbatia mbele ya foleni nzima ya watu. Foleni mwenyewe akapiga filimbi kutoka ng'ambo.

Mama alimtazama mkwewe kuanzia viatu hadi kichwa, akamgusa mkono wa shati kama anayepima kitambaa, kisha akayafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kumbe wiki mbili," akasema, "ni siku kumi na nne tu."