Waliopotea Wakiwa Hai

Apa kwanza kwamba haya hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri. Mimi sikuapa, ndiyo maana unayasikia.

Ilianza na harufu ya koti la sufu lililoloa theluji, ofisini kwa Verna Lindqvist, katika hospitali moja ya Duluth, mji wa baridi kali huko Marekani, na koti lenyewe halipo. Verna alihakiki hesabu za utafiti wa dawa mpya ya moyo, dawa ya Daktari Halvard Stroup. Utafiti umekwisha, na Jumatatu wagonjwa wa hospitali wangeanza kuimeza, na mmoja wao ni Orrin, mume wa Verna.

Hesabu hizo zina mtego. Mgonjwa akiacha kuja kabla utafiti haujaisha, huandikwa amepotea akiwa hai, na hesabu humdhania sawa na wenzake waliobaki. Verna alipozichora, kila mgonjwa na nukta yake, waliopotea walijikunyata kona moja, upande wa waliomeza dawa, kama kuku wenye baridi. Nyuma ya kiti mtu akakohoa. Kugeuka, hakuna mtu. Maji tu sakafuni.

"Waliopotea hujikusanya hivyo katika kila hesabu, mama," Stroup alimcheka alipomwonyesha. "Na hayo maji ni mabomba."

"Mabomba hayakohoi, daktari," Verna alinong'ona.

Akajaribu njia nyingine, akawahesabu waliopotea wote kana kwamba walikufa siku ile waliyopotea, na mstari wa uhai wa waliomeza dawa ukaporomoka, na kadiri ulivyoporomoka kikohozi kikazidi, mara dirishani, mara chini ya meza, mara sikioni kabisa kwa pumzi ya barafu, hata mkono wake ukanyanyua simu wenyewe ukaanza kupiga majumbani kwao. Wajane ndio waliopokea. Akarekebisha jina baada ya jina kwenye kompyuta: amekufa.

Ijumaa wakubwa walikaa kikao cha kuipitisha dawa, kwa kahawa nyepesi na keki. Kipande cha mwisho kilikatwa nusu, kisha nusu ya nusu, maana huko hakuna anayethubutu kumaliza sahani, wala kumbishia mkubwa hadharani. Verna aliunganisha orodha yake na projekta, lakini hakuiwasha. Stroup alikaa pembeni, kompyuta magotini, akitabasamu, vidole havitulii.

Harufu ya sufu ikaingia. Projekta ikajiwasha yenyewe. Ukutani, kwenye orodha ya Verna, kwa herufi kubwa, neno amekufa likageuka amepotea. Jina la pili likageuka. La tatu. Watu wakaacha kutafuna, na kila neno lilipogeuka, kitu kilikohoa katikati yao.

"Halvard," Verna alisema taratibu, "hebu inua mkono."

Alijaribu, mbele ya wote. Mkono ukagandia kwenye vitufe, neno amepotea likiwa limeandikwa nusu ukutani, na katikati ya vidole vyake maji yakachuruzika.