Pasi Iliyopoa

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Pasi alikuwa ameshanyoosha mashati matatu. Jina hilo alipewa na wateja, naye alilipenda. Alifanya kazi katika chumba cha nyuma, juu ya meza pana. Chumba hicho hakikuwa na soketi. Waya mrefu ulitoka kwenye soketi ya chumba cha mbele, ukapita chini ya mkeka mpaka mezani kwake.

Kisha wifi yake, dada wa mumewe, akaja kuishi nao. Alikuja na mtoto mchanga na furushi moja. Mama Pasi alimtandikia godoro chumba cha mbele, juu ya mkeka.

Wiki hiyo hiyo pasi ikaanza kupoa. Shati la dakika tano likataka dakika kumi, na mikunjo ikabaki. Wateja wawili walirudisha suruali. Mmoja alisema suruali yake imelaliwa, haikupigwa pasi.

Mama Pasi hakuamini kwamba mambo haya yametokea tu. Alitega sikio ukutani. Alimsikia wifi akimbembeleza mtoto kwa wimbo, na hata wimbo wenyewe akauona una siri.

"Dada yako kuna kitu anakichomeka huko mbele," alimwambia mumewe. "Umeme wangu anaunyonya yeye."

"Umemwona?"

"Nimwone vipi na mlango kaufunga? Kikulacho ki nguoni mwako."

Mume alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa kupenda amani, na amani yake siku zote ililipwa na mwingine. Akasema mambo yasipotengenea, Jumamosi atamtafutia dada yake pa kwenda.

Wifi alisikia. Hakuwa na pa kwenda, na hilo walilijua wote. Akaanza kufunga furushi lake kimyakimya. Lakini Ijumaa asubuhi alitoka, akarudi na fundi umeme.

Fundi alikuwa mwanamke mrefu mwenye mkoba wa vifaa begani. "Kumbe na fundi kajiletea wake," Mama Pasi alisema moyoni. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, kuangalia kama watakonyezana.

Fundi aliigeuza pasi, akasoma kibandiko. "Volti 240. Wati 1440. Mama, volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni kiasi cha umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati, ndiyo nguvu yenyewe. Kwa hiyo pasi hii inataka ampea..."

"Ngoja," Mama Pasi alimkata. "Hesabu nitafanya mwenyewe."

Kugawanya alikuwa amejifunza mwaka uliopita, katika darasa la watu wazima. Alichukua chaki yake ya kuwekea alama nguo zenye madoa, akaandika kwenye mlango. 1440 gawanya kwa 240. "Sita."

"Ampea 6. Sasa gawanya volti kwa ampea. Utapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme usipite. Tunaupima kwa omu."

240 gawanya kwa 6. "Arobaini."

Fundi aliwasha pasi, akaiweka kwenye moto wa mwisho. Akapima pale mezani. "Volti 200. Ampea 5. Tafuta omu."

Mama Pasi aligawanya. Akafuta, akagawanya tena, akitumaini jibu jingine. Arobaini.

"Ni zile zile za kwenye kibandiko. Pasi yako ni nzima. Na nguvu?"

200 mara 5. "Wati 1000."

"Nayo inataka 1440. Ndiyo maana haipati moto."

"Si nilisema? Nyingine zinaliwa huko mbele."

"Basi twende huko mbele," fundi alisema.

Soketi ilikuwa na plagi moja tu, ya ule waya. Fundi alipima. "Volti 240. Ampea 5. Mama, ampea 5 zimetoka hapa, na ampea 5 zimefika kwako. Hakuna aliyechota njiani."

Mama Pasi alimtazama wifi. Wifi alikuwa anatazama chini, mtoto mgongoni.

"Ila msukumo umepungua," fundi aliendelea. "Umetoka 240, umefika 200. Volti 40 zimepotelea kwenye waya. Zidisha kwa ampea 5."

Chaki ilikwaruza. "Wati 200."

"Hizo zinageuka joto. Ni sawa na taa ishirini za wati kumi, zimefichwa mahali."

Fundi akazima swichi, akachomoa plagi, akaufuata waya kwa mkono. Ukapita chini ya mkeka, na mkeka ukapita chini ya godoro. Wakaliinua godoro. Upande wa ukutani, mahali pa mtoto, kitambaa kilikuwa kimebabuka, kina doa jeusi. Chini yake palikuwa na kiungo cha waya kilicholegea kwa kukanyagwa, kimefungwa utepe wa kijani. Utepe ulikuwa umeyeyuka.

"Nani aliunga hapa? Huu upande mwingine ni waya mwembamba wa redio."

Wifi alitikisa kichwa. Hakujua.

Mama Pasi aliutambua ule utepe. Uliobaki ulikuwa kwenye droo ya meza yake. Angeweza kunyamaza, na Jumamosi ingefika. Alilitazama lile doa.

"Mimi," alisema. "Waya ulikuwa mfupi. Nikaurefusha, nikaufunika."

Jioni hiyo fundi alifunga waya mmoja mnene, usio na kiungo, ukapita juu ya ukuta ambapo kila mtu anauona. Alipopima tena, ampea zilikaribia 6. Shati la kwanza lilinyooka kwa dakika tano.

Jumamosi asubuhi mume aliingia na mkokoteni wa kuazima. Alimkuta mkewe ameketi sakafuni chumba cha mbele, furushi la wifi limefunguliwa mbele yake. Alikuwa anazipiga pasi nguo za mtoto, moja moja.

"Rudisha mkokoteni," alimwambia. "Nilimwonea."