Kivuli Kilichobaki kwenye Skrini

Rafiki yangu fundi kompyuta, yule tunayemwita Bisibisi, si mtu wa kuongopa. Uongo unamshinda hata kwa wateja. Siku hizi hakai mbele ya skrini iliyozimwa, na nilipombana sana ndipo akanieleza.

Mama mmoja alimletea kompyuta kuukuu ya marehemu binti yake. Picha ya mwisho ya binti huyo ilikuwa humo tu, kwingine haipo. Kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, ilikuwa ya zamani mno, lakini Bisibisi akaiunganisha hivyo hivyo na skrini mpya ya dukani kwake. Feni ya kompyuta ikakoroma. Picha ikaja inatetemeka, na kila kitu kina kivuli hafifu ubavuni: kiti, mlango, hata binti mwenyewe.

"Ni huu waya wa skrini tu, mama. Tukiubadilisha, vivuli vitaondoka."

Akaubadilisha. Kivuli cha kiti kikaondoka, na cha mlango pia. Cha binti kikabaki, na sasa kilikuwa kimegeuza uso, kinamtazama binti mwenyewe.

"Fundi," mama akasema polepole, "picha hii niliipiga mimi mwenyewe. Alikuwa peke yake."

Bisibisi akabonyeza kila kitufe, wapi! Mwishowe akauchomoa waya kwa hasira. Feni iliendelea kukoroma. Skrini ikawa nyeusi tititi, na katika kioo chake akajiona yeye na mama wamekaa, kila mmoja na kivuli hafifu ubavuni.

Cha mama kilitazama mbele. Cha Bisibisi kilikuwa kimegeuza uso, kinamtazama yeye.