Maumivu ya Bosi

Asubuhi ile Bosi, mbwa wa miaka kumi na sita, alikuwa akifukuza kuku uani, na kuku wenyewe walishangaa. Sebuleni Mzee Chilongani alikuwa akiugulia maumivu, ameng'ata taulo. Kigawamaumivu kilikuwa kazini.

Aliyekibuni ni binti yake Nyemo, mhandisi wa mishipa ya fahamu katika Dodoma ya magari yasiyo na dereva. Dawa za kutuliza zilikuwa zikimharibu Bosi figo. Badala yake, kola ya shingoni ilinasa maumivu ya viungo vyake vilivyochakaa kabla hayajafika ubongoni, ikayarusha kwenye bangili ya mwenye mbwa, naye akayahisi mwilini mwake. Ilipaswa iwe nusu kwa nusu. Lakini mzee alimbembeleza bintiye wiki nzima amwachie ayabebe yote. Tangu mkewe afariki, Bosi ndiye aliyebaki naye. Nyemo akalainika, akaondoa kikomo kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa Nyemo alipiga goti uani, akapitisha kipimo kwenye mguu wa nyuma wa Bosi. Nyonga ilikuwa imesagika na mfupa umepasuka mahali pawili. Bosi akamlamba shavu huku mkia ukicheza.

Nyemo aliingia ndani akijichukia.

"Baba, maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwambia apumzike. Tulimnyang'anya. Amejimaliza bila kujua."

"Basi mrudishie."

"Yatampata yote kwa mkupuo. Hatayaweza."

Mzee akatazama uani. "Kwa hiyo nimemuua mimi, mwanangu?"

"Hapana, baba. Mtaalamu ni mimi. Wewe ulimpenda tu."

Daktari wa mifugo alifika adhuhuri na sindano ya kumpumzisha Bosi. Nyemo alitaka kumvua baba yake bangili kwanza, maana hakuna aliyewahi kuivaa huku mnyama wake akifa. Mzee akauficha mkono kifuani.

"Niache. Nimekuja naye mpaka hapa, nitamfikisha."

Bosi alilaza kichwa mapajani mwake, sindano ikaingia. Nyemo alimshika baba yake bega, akihofia moyo wake. Pumzi za mbwa zikapungua, kisha hazikusikika tena.

Mzee akanyoosha mguu ambao hakuwa ameunyoosha tangu avae bangili wakati wa Pasaka. Akaukunja, akaunyoosha tena. Haukumuuma hata kidogo.

"Nyemo," alisema, "mguu umepona." Kisha akaangua kilio.