Wino wa Kidole Kidogo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, nesi Jescah alimkuta Lusweti, mlinzi wa zahanati, amelala kifudifudi mbele ya chumba cha friji ya chanjo, kisogo kimepasuka. Hapakuwa na kilichoibwa. Ngumi ya marehemu ilikuwa imefumbata kifuniko cha kalamu ya wino, ile ambayo wachanjaji hutumia kumpaka mtoto kidole kidogo akishapata matone ya polio. Kalamu yenyewe haikuonekana.

Inspekta Mideva alifika roho mkononi. Kijiji chote cha Mautuma kilikuwa na hofu tangu wiki iliyopita, mtoto mmoja wa ng'ambo ya mto alipoamka mguu umelegea na maabara ikasema ni polio. Mideva mwenyewe ana binti wa miaka minne, Awinja, anayelelewa na nyanya yake karibu na soko. Alikuwa akijituliza kwa jambo moja tu: kidole cha Awinja kilikuwa na wino.

"Lusweti alikwambia nini mara ya mwisho?" alimuuliza Jescah.

"Nimerudi jana tu kutoka likizo, madam. Jioni alinipigia simu, sauti chini. Akasema kuna kitu kwa friji nikuje nijionee mwenyewe. Na mchana, Titus alikuwa amekuja hapa na panga akimpigia kelele."

Mark Mukhwana, msimamizi wa kampeni ya chanjo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitikisa kichwa kukubali. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji.

"Niliungua nikisonga obusuma, ugali wa jioni," alisema kabla hajaulizwa. "Madam, huyo Titus ni wa dhehebu linalokataa chanjo. Mshike, sisi tuendelee na kazi. Wakaguzi wanakuja Ijumaa."

Kazi hiyo ilikuwa na masharti. Wafadhili wa ng'ambo waliahidi kulipa mkopo ulionunua chanjo, ila kwa matokeo tu: wakaguzi wapite nyumba kwa nyumba, wakute karibu kila mtoto ana wino. Wakikosa, mkopo unabaki deni la huku na Mukhwana hana kazi tena.

Titus aliletwa.

"Panga ilikuwa ya nini?" Mideva aliuliza.

"Nilikuwa natoka kukata majani ya nepia ya ng'ombe."

"Na kelele?"

"Afande, mimi sikubalinga hiyo dawa, kila mtu anajua. Sasa watoto wangu wote wametoka shule ya Jumapili na wino kwa kidole! Nikauliza Lusweti nani amewapea dawa bila mimi. Akaniambia, 'Tulia, hawakupewa kitu. Dawa yenyewe hakuna.'"

"Alisema hakuna dawa?"

"Haki ya Mungu."

Awinja naye alipakwa wino shule ya Jumapili. Mideva alitoka nje, akapiga simu nyumbani, akaomba kuongea na mtoto.

"Awinja, siku ile ulipakwa wino, dawa ilikuwa chungu?"

"Sikupewa dawa, mama. Anko wa wino alinipea pipi."

Mideva aliogopa, akaogopa kweli. Kisha alijifuta uso, akarudi ndani na kumwambia Jescah afungue friji.

Ndani kulikuwa na joto. Mtungi wa gesi inayoiendesha ulikuwa mtupu. Jescah alichukua chupa moja ya chanjo, akaonyesha alama ya mraba kwenye lebo.

"Ikiwa nyeupe, dawa ni nzima. Hii imekuwa nyeusi. Joto limeziharibu zote, siku nyingi sasa."

"Ukiwa likizo, nani alibaki na ufunguo?"

Jescah alimtazama Mukhwana.

"Bwana Mukhwana," alisema Mideva, "fungua bendeji."

"Ni kidonda, madam, kitaingia uchafu."

"Nesi yuko hapa. Atakisafisha."

Jescah aliifungua taratibu. Hapakuwa na mahali palipoungua. Palikuwa na mstari mnene wa zambarau kutoka kifundoni hadi kiganjani, na ngozi imesuguliwa kwa stilwaya ya kuoshea sufuria hadi ikachubuka.

"Lusweti alikushika ukiwa na kalamu," alisema Mideva. "Mliponyang'anyana, kifuniko kilibaki kwake, wino ukabaki kwako. Ungesugua mpaka mfupa, hautoki. Ndiyo maana wakaguzi wanauamini."

Mukhwana aliketi chini.

"Gesi iliisha, nikasahau kuagiza. Dawa ikaharibika. Nikasema nipake wino tu, wakaguzi wapite, halafu nitafute dawa ingine polepole. Hao wanaangalianga vidole! Lusweti akataka kumwambia sista Jescah. Nilitaka anyamaze tu."

"Na polio nayo itaangalia vidole?"

Mukhwana alitiwa pingu, Titus akaachiliwa.

Alasiri hiyo chanjo mpya ililetwa kutoka Kakamega ndani ya kisanduku cha barafu. Foleni ilifika barabarani. Awinja aliponyoka mkononi mwa nyanya yake akaja mbio, na Mideva hakumtazama uso. Alitazama miguu, mmoja, kisha mwingine.

Jescah alimdondoshea matone mawili. Alipokamata mkono wa mtoto, alisita. Kidole kidogo kilikuwa na wino tayari.

"Nipake wapi, madam?"

Mideva hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti vumbini na sare yake.

"Mama," Awinja aliuliza, "mbona unanishika miguu?"

Wiki kadhaa zingepita kabla ya kujulikana kama dawa imeuwahi ugonjwa. Mideva aliendelea kuishika miguu ile.